Wajumbe wa Kinga na Pumu ya Mzio
Hotuba ya madaktari na wauguzi wa kujitolea katika Siku ya Afya ya maadhimisho ya hekalu



Tunaishukuru Kamati kwa heshima iliyotupa. Kwa desturi, hotuba za siku kama hii hueleza historia ya hekalu, juhudi za waasisi na ukarimu wa wafadhili. Kamati imeona vyema kwamba katika siku mojawapo ya maadhimisho haya tuzungumze juu ya pumzi, kwani bila pumzi hakuna bhajan, hakuna dua, na hakuna sherehe. Sisi tunaosimama mbele yenu tumekuwa tukihudumu katika kambi za afya zinazofanyika kwenye ukumbi huu huu, na pumu ni miongoni mwa magonjwa tunayokutana nayo kila mara, kwa watoto na kwa wazee, kwa wenye maduka na kwa vibarua wanaopakua mizigo yao.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na kwamba watu 455,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati cha chini, yaani nchi kama zetu, ilhali dawa za kuvizuia vingi vyake zimekuwapo kwa zaidi ya nusu karne. Swali linalotusumbua sisi tabibu ni hili: kwa nini mtu afe kwa ugonjwa ambao dawa yake inajulikana?

Jibu moja, na ndilo tunalotaka mwondoke nalo leo, ni kwamba wengi wetu tunautibu ugonjwa ambao siyo. Tunadhani pumu ni ugonjwa wa misuli inayobana. La hasha. Kubana ni mwisho wa safari ndefu. Pumu ya mzio huanza kwa ujumbe: protini ndogo ndogo ambazo seli za kinga ya mwili hutumiana ili kuitana, kuamrishana na kuonyana. Wanasayansi huziita saitokini. Sisi tutaziita wajumbe wa kinga. Anayeelewa kazi ya wajumbe hawa ataelewa pia kwa nini pampu moja haitoshi.

Ugonjwa wa kale, tiba ya nusu

Pumu si mgeni miongoni mwetu. Katika Charaka Samhita, kitabu cha kale cha tiba ya Ayurveda, mna maelezo ya ugonjwa uitwao tamaka shvasa: mgonjwa huhema kwa taabu, kifua hutoa sauti, kulala humzidishia dhiki, na akikaa wima hupata nafuu. Yeyote aliyewahi kukesha na mtoto mwenye pumu atautambua ugonjwa huo bila kuambiwa jina lake.

Watabibu wa India walijua pia kwamba moshi wa mmea wa datura hufungua kifua, na mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza waliokuwa wakiishi India waliipeleka tiba hiyo kwao. Leo tunajua kuwa datura ina atropini, kemikali inayozuia neva zisiikaze misuli ya njia za hewa. Tunajua vilevile kuwa mmea huo ni sumu, na hatumshauri yeyote aujaribu. Karne ya 20 ilileta adrenalini, na mwaka 1969 ikaja salbutamoli, ile iliyomo katika pampu ya bluu ambayo wengi wenu mnaijua, na wengine pengine mnayo mfukoni hivi sasa.

Datura, adrenalini na salbutamoli ni dawa tofauti, lakini kazi yake ni moja: kulegeza misuli. Hakuna hata moja kati yake inayougusa ujumbe ulioiamuru misuli hiyo ibane. Kwa muda mrefu hapakuwa na lawama katika jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa ujumbe upo.

Safari ya ujumbe

Natuufuate ujumbe tangu unapoanza. Chukueni mfano wa utitiri wa vumbi, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayeishi katika magodoro, mito na mazulia, akila magamba ya ngozi yanayotudondoka kila siku. Katika miaka ya 1960, Reindert Voorhorst na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba mzio wa vumbi la nyumbani husababishwa hasa na mdudu huyu. Hupenda unyevu, na kwa hiyo pwani yetu kwake ni makao mema.

Vinyesi vya utitiri ni vyepesi na huruka tunapotandika kitanda. Vikiingia katika njia za hewa, vimeng'enya vilivyomo hukata viunganishi vinavyozishikamanisha seli za utando wa ndani. Zamani tulidhani utando huo ni ukuta tu. Sasa tunajua ni walinzi. Seli zake zikijeruhiwa hutoa wajumbe wa tahadhari, na watatu kati yao wanajulikana vizuri: TSLP, intaleukini 25 na intaleukini 33. Si utitiri peke yake unaoziamsha seli hizo. Moshi, virusi vya mafua na hewa chafu ya magari huweza kufanya vivyo hivyo.

Msishangazwe na neno intaleukini. Lilikubaliwa na wanasayansi waliokutana Uswisi mwaka 1979, baada ya kuona kuwa kila maabara ilikuwa imempa mjumbe yule yule jina lake. Maana yake ni kitu kipitacho baina ya chembe nyeupe za damu. Namba zinazofuata hutofautisha mjumbe mmoja na mwingine.

Tahadhari ikishatolewa, huitikiwa na makundi mawili. La kwanza ni seli za kinga za asili zinazokaa papo hapo mapafuni, zilizoelezwa na watafiti mnamo mwaka 2010, ambazo huitikia upesi bila kusubiri mafunzo. La pili ni seli T saidizi, ambazo hufundishwa kumtambua adui na kumkumbuka kwa miaka. Mwaka 1986, Tim Mosmann na Robert Coffman, wakifanya kazi California, walionyesha katika panya kwamba seli T saidizi si za namna moja. Zipo zinazotuma wajumbe wa kupigana na vijidudu vinavyojificha ndani ya seli, na zipo zinazotuma wajumbe wa aina nyingine kabisa. Hizi za pili ziliitwa Th2. Mwaka 1992 watafiti wa London walichukua maji yaliyooshea mapafu ya wagonjwa wa pumu ya mzio, wakazikuta humo seli zenye kuandaa ujumbe wa namna hiyo ya Th2.

Wajumbe wakuu wa Th2 ni watatu, na kila mmoja ana amri yake.

Intaleukini 4 huziendea seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, na kuziamuru zitengeneze kingamwili za aina ya IgE. IgE husafiri na kuzivaa seli ziitwazo masti, zilizojaa vifuko vya histamini na kemikali nyingine kali. Hapo mtu bado hana dalili yoyote, ila bunduki imekwisha jazwa risasi. Siku nyingine atakapovuta vumbi lile lile, vifuko hupasuka, misuli hubana, na katika dakika chache kifua huanza kulia.

Intaleukini 5 hupeleka amri mbali zaidi, hadi kwenye uboho ndani ya mifupa, ambako chembe za damu huzaliwa. Huagiza eosinofili zitengenezwe kwa wingi na ziishi muda mrefu. Chembe hizi zilipewa jina na Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1879, kwa sababu zilipenda kunywa rangi nyekundu ya eosini alipokuwa akizitazama kwa hadubini. Zikifika mapafuni humwaga protini zenye sumu, nazo huchubua utando ule ule ambao ulikwisha jeruhiwa.

Intaleukini 13 hufanya kazi katika njia za hewa zenyewe. Huzigeuza seli za utando kuwa viwanda vya ute mzito, na huifanya misuli iwe nyepesi kushtuka, hata hewa baridi, kicheko au mbio fupi za kuwahi basi ziweze kuibana. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalionyesha katika panya kwamba mjumbe huyu peke yake aweza kuleta sehemu kubwa ya sura ya pumu.

Tunaomba mzingatie muda. Kubanwa kwa mwanzo, kunakoletwa na seli masti, huja kwa dakika na huweza kutulia kabla ya saa mbili kupita. Lakini wajumbe walioitwa wakati huo wanaendelea na safari. Saa kadhaa baadaye eosinofili na wenzake huwasili kwa kundi, na kifua hubana tena. Ndiyo maana mtoto aliyefagia stoo jioni akapuliza pampu ya bluu na kupata nafuu, huweza kuamka usiku wa manane akiwa hoi. Wazazi husema, "Lakini alikuwa amepona." Hakuwa amepona. Misuli ilikuwa imelegezwa, na ujumbe ulikuwa njiani.

Na ujumbe ukirudiwa mwaka baada ya mwaka, njia za hewa hubadilika umbo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika pumu isiyotibiwa mwili hujenga ukuta kwelikweli: misuli hunenepa, makovu membamba hujipanga chini ya utando, na njia ya hewa hubaki nyembamba hata siku ambayo hakuna vumbi.

Kwa nini tumeumbwa na wajumbe hawa

Huenda mtu akauliza: ikiwa wajumbe hawa huleta madhara kiasi hiki, wana faida gani? Faida wanayo. IgE, eosinofili na ute mwingi ni silaha za mwili dhidi ya minyoo, adui mkubwa asiyeweza kumezwa na chembe moja ya damu. Pumu ya mzio ni jeshi la minyoo lililotumwa kupigana na vumbi.

Tena minyoo nayo ina hila zake. Mwaka 2000 watafiti waliochunguza watoto wa shule nchini Gabon waliona kwamba wenye kichocho cha mkojo walikuwa na mzio mdogo wa ngozi dhidi ya utitiri kuliko wasiokuwa nacho, na jambo hilo liliendana na mjumbe mwingine, intaleukini 10, ambaye kazi yake ni kutuliza. Miaka michache baadaye, katika nchi hiyo hiyo, watoto waliotibiwa minyoo mara kwa mara kwa muda mrefu walionekana kuongezeka mzio huo wa ngozi. Hatusemi kwamba tuache kutibu minyoo au kichocho. Magonjwa hayo hudumaza watoto na kuharibu kibofu na ini. Tunachosema ni kwamba kinga ya mwili ina wajumbe wa kuchochea na wajumbe wa kutuliza, na afya ni mizani baina yao.

Wahenga walisema pia, mjumbe hauawi. Katika tiba ya pumu usemi huo una hekima yake: hatutaki kuwaua wajumbe wote wa kinga, kwa sababu tunawahitaji. Tunataka kupunguza sauti ya wale wanaopiga kelele pasipo sababu.

Pampu mbili

Dawa inayofanya kazi hiyo ipo. Mwaka 1972 ilianza kutumika steroidi ya kuvuta iitwayo beklometasoni, na baadaye zikafuata nyingine kama budesonidi. Steroidi huingia ndani ya seli, hufika hadi kwenye kiini chake, na kuzizuia jeni zinazotoa amri ya kutengeneza saitokini. Haifungui kifua kwa dakika tano. Huhitaji siku, na ili ifikie nguvu yake huhitaji majuma. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi huiona haina kazi, wakaiacha kabatini na kuikumbatia ile ya bluu ambayo faida yake huonekana mara moja.

Kosa hilo lina gharama. Nchini New Zealand, kuanzia mwaka 1976, vifo vya vijana wenye pumu vilipanda ghafla. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989 ulivihusisha na pampu ya kulegeza misuli yenye nguvu kubwa iitwayo fenoteroli, na ilipowekewa vikwazo vifo vilishuka. Kwa upande wa pili, watafiti waliopitia kumbukumbu za wagonjwa wa jimbo la Saskatchewan nchini Kanada walitoa matokeo yao mwaka 2000: kwa kila kopo moja la ziada la steroidi ya kuvuta ambalo mgonjwa alitumia katika mwaka uliotangulia, uwezekano wa kufa kwa pumu ulipungua kwa asilimia 21. Ndugu zetu, ni dawa chache tunazoweza kuzisema hivyo.

Kutokana na ushahidi wa namna hii, mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaojulikana kwa kifupi kama GINA, uliacha kupendekeza mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa pampu ya bluu peke yake, hata kama pumu yake ni nyepesi. Kila mmoja wao apate steroidi ya kuvuta, ama kila siku, ama ikiwa imechanganywa na formoteroli katika pampu moja inayotumika pia kwa nafuu. Mwongozo huo unatoa kipimo ambacho kila familia inaweza kukihesabu nyumbani: anayemaliza makopo 3 au zaidi ya pampu ya bluu kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali, na anayemaliza 12, yaani moja kila mwezi, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kifo. Tunawasihi leo mkifika nyumbani hesabuni makopo.

Tunajua hofu mlizo nazo, kwa kuwa tunazisikia kliniki. Ya kwanza ni neno steroidi lenyewe. Pumzi moja ya beklometasoni kwa kawaida ina maikrogramu 50 au 100. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kina maikrogramu 5,000. Nguvu za dawa hizo mbili hazilingani gramu kwa gramu, lakini tofauti yabaki kubwa, na ile ya kuvuta hupelekwa moja kwa moja pale penye tatizo badala ya kuzungushwa mwili mzima. Mgonjwa asukutue kwa maji kila baada ya kuvuta, ili asiote utando mweupe mdomoni. Anayeogopa pampu akaishia kuhitaji vidonge mara kwa mara ndiye anayekula steroidi nyingi.

Hofu ya pili ni kwamba pampu hulevya, na anayeianza hataiacha. Anayehitaji miwani hakulevywa na miwani. Hofu ya tatu haitamkwi waziwazi: pampu ikionekana, posa ya binti itavunjika. Tunawaambia wazazi kwa heshima zote kwamba pumu haiambukizwi na si aibu. Bibi harusi anayepumua vizuri kwa dawa ana heri kuliko anayeficha ugonjwa mpaka usiku wa kukimbizwa hospitali.

Wapo pia wanaoacha dawa ya kila siku katika mfungo wa Navratri, kama wengine wanavyoiacha katika Ramadhani. Tunaomba kila mmoja azungumze na daktari wake na kiongozi wake wa dini kabla mfungo haujaanza, apange saa za dawa. Mtu hufunga. Wajumbe wa kinga hawafungi.

Kuwakamata wajumbe njiani

Kwa wachache, steroidi ya kuvuta haitoshi hata wakiitumia ipasavyo. Kwao sayansi imebuni kingamwili zinazotengenezwa maabara, hudungwa chini ya ngozi, na kumkamata mjumbe mmoja kabla hajafikisha amri.

Mlango wa njia hii ulifunguliwa zamani. Mwaka 1921 Mjerumani Heinz Küstner, aliyekuwa na mzio wa samaki, alitoa majimaji ya damu yake, na mwenzake Carl Prausnitz akadungwa majimaji hayo ngozini mwake. Siku iliyofuata walipodunga dondoo ya samaki mahali pale pale, ngozi ya Prausnitz ilivimba. Hivyo ikajulikana kuwa mzio hubebwa na kitu kilichomo katika damu. Kitu hicho kilitambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali: Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko Ishizaka huko Denver, na Gunnar Johansson na Hans Bennich huko Uppsala. Ndiyo IgE. Dawa ya kuikamata, omalizumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003.

Habari ya mepolizumabu, inayomkamata intaleukini 5, ina fundisho kubwa zaidi. Ilipojaribiwa na matokeo kutolewa mwaka 2000, eosinofili katika damu zilipungua sana, lakini kifua cha wagonjwa kiliendelea kubana walipovutishwa kitu chenye kuwaletea mzio. Wengi walidhani nadharia nzima imeanguka. Kumbe walikuwa wameuliza swali lisilofaa kwa wagonjwa wasiofaa. Mwaka 2009 kundi la Leicester, Uingereza, na kundi la Hamilton, Kanada, yaliwachagua wale tu ambao eosinofili zao zilibaki juu licha ya steroidi, kisha yakahesabu mashambulio. Mashambulio yalipungua. Mwaka 2015 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani. Mwaka 2018 ikafuata kwa pumu dupilumabu, inayoziba mlango wanaoutumia kwa pamoja intaleukini 4 na 13, na mwishoni mwa 2021 tezepelumabu, inayomkamata TSLP pale pale mwanzo wa safari.

Fundisho lake ni kwamba pumu ni jina moja lenye wagonjwa tofauti ndani yake. Dawa hizi ni ghali mno, na kwa wengi wetu hazifikiki. Lakini msiondoke hapa mkidhani kwamba uhai umewekwa mahali tusipoweza kufika. Wagonjwa walio wengi hawazihitaji. Wanahitaji pampu ya steroidi, wafundishwe kuitumia, na waitumie kila siku. Na kipimo cha kawaida cha damu kinachohesabu aina za chembe nyeupe kinaweza kumwonyesha daktari kama eosinofili zimepanda.

Nyumbani na hekaluni

Mtuwie radhi tuzungumze juu ya moshi tukiwa ndani ya hekalu. Uvumba, agarbatti, kafuri ya arati na moto wa havan ni sehemu ya ibada, na si kazi yetu kuamua ibada ifanyweje. Tunaeleza tu kinachotokea mapafuni: moshi hubeba chembe ndogo sana, nazo hujeruhi utando na kuamsha wale wajumbe wa tahadhari hata kwa mtu asiye na mzio wa uvumba wenyewe. Ndivyo ulivyo udi katika nyumba za majirani zetu, na ndivyo ulivyo mkaa jikoni. Basi madirisha yafunguliwe kabla ya arati, havan ifanywe penye paa wazi au uwani, wenye pumu watengewe nafasi karibu na mlango, na fataki za Diwali ziwashwe mbali na watoto wanaohema. Ibada haipungui kwa kuingiza hewa.

Nyumbani, shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mende waangamizwe, kwani mzio wa mende huzidisha pumu: utafiti wa mwaka 1997 katika miji ya Marekani ulionyesha kwamba watoto wenye mzio huo, wanaoishi penye mende wengi, walilazwa hospitali mara nyingi zaidi. Sigara isivutwe ndani ya nyumba.

Pampu nayo inahitaji chombo cha kuivutia, hasa kwa watoto, ili dawa isiishie kooni. Asiyeweza kukinunua asikate tamaa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu, ilifungua kifua cha watoto waliobanwa sawa na chombo cha dukani. Wauguzi wetu wako kwenye meza ya nyuma, nao watawaonyesha namna ya kuitengeneza.

Na mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ambaye midomo yake imegeuka rangi, au asiyepata nafuu baada ya kupuliza pampu, apelekwe hospitali saa ile ile. Njiani aendelee kupuliza.

Ombi letu

Mheshimiwa Mwenyekiti, hekalu hili limejengwa kwa michango ya watu wengi, mmoja mmoja, kila mmoja kwa uwezo wake. Ombi letu kwa Kamati katika mwaka huu wa maadhimisho ni dogo: kambi za afya zinapogawa pampu ya bluu, zisiigawe peke yake. Kila anayepewa dawa ya kulegeza misuli apewe na ile ya kunyamazisha ujumbe, afundishwe kuivuta, na arudi baada ya mwezi mmoja atuonyeshe anavyoivuta. Ikibidi tupunguze mabango na maua ili fedha zitoshe, tunaamini waasisi wa hekalu wasingeona vibaya.

Nasi kwa upande wetu tunaahidi kuwapo kila kambi itakapoitishwa, kwa mgonjwa wa dini yoyote na wa mtaa wowote, bila malipo.

Tunawatakia nyote maadhimisho yenye heri na pumzi tele.